Vidole Vinne Chini ya Mkanda

Rehema ameniomba niandike. Anasema vijana wanaoajiriwa sasa kwenye chumba chetu cha vipimo vya moyo wanakuta mashine zimeshafungwa na fomu zimeshachapwa, hawajui nani alitoa jasho wapi. Mimi nina miezi mitatu tu tangu nistaafu. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri nikitafuta viatu vyeupe, kwa hiyo nafasi ninayo. Nyumba yangu ya Njiro ina ukuta wa uzio upande mmoja, pande tatu zinasubiri, na afadhali kuandika kuliko kukaa nikizitazama.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Waliopanda wanajijua. Nitawaandikia hasa habari ya mstari wa saba kwenye fomu, ule unaouliza kama mpimaji ameweka vidole vyake mwenyewe kwenye kinena cha mgonjwa, ndiyo au hapana. Najua mnaucheka, na najua kuna mmoja aliyechora kikatuni pembeni yake. Mstari ule niliuomba mimi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Mume wangu husema nikiona jua nauliza mvua imekwenda wapi. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, nikipima presha napima tena. Mngedhani mtu wa namna hii hawezi kukosea jambo kubwa kwa muda mrefu. Nami nilidhani hivyo.

Nilianza nikiwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Siku ya kwanza nilipewa wagonjwa kumi na wanne wa kupima presha. Nilipomaliza nikaanza upya kitanda cha kwanza, kwa sababu sikuyaamini masikio yangu. Sista Ruthi, mkuu wa wodi, Mmeru mrefu mwenye sauti ya chini, alinikuta kitanda cha nane.

"Haika, huyu umempima mara ngapi?"

"Mara mbili, Sista."

"Umemwambia kwa nini?"

"Hapana."

"Basi presha umempandisha wewe. Mtu akipimwa mara mbili bila kuambiwa anajua anakufa."

Sista Ruthi ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupasha mikono kwenye chupa ya chai kabla ya kumgusa mgonjwa, maana asubuhi za Arusha mwezi wa saba mkono wa muuguzi ni barafu. Alinifundisha kusalimia kwanza, kukaa, ndipo niulize ugonjwa. Na alinifundisha kwamba mzee halazimishwi. "Ukimvua mzee nguo kwa nguvu," alisema, "kipimo utakipata, yeye hutampata tena." Alisema kweli. Niliwaona waliovuliwa kwa nguvu. Walishukuru, wakaenda zao, na kilichofuata tulikisikia msibani.

Baadaye nikahamishiwa mashine ya umeme wa moyo. Ile ya kwanza ilikuwa na vikombe vya mpira vya kunyonya ngozi ili vishike kifuani. Jeli ilipoisha tulilowesha pamba kwa maji ya chumvi, na ilifanya kazi vizuri tu. Vikombe vile vilikuwa vinaacha alama nyekundu za mviringo, na kuna mama mmoja wa Usa River alikuja kesho yake, kamshika mumewe mkono, akitaka aonyeshwe ni nani kati yetu aliyemnyonya mumewe kifuani. Ilibidi nijibandike kikombe mkononi mbele yake ndipo akaondoka.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa kliniki ya moyo, chini ya Daktari Mollel. Hapo ndipo tulipoanza kupokea watu waliotoka Dar es Salaam wakiwa na stenti, kile kibomba cha waya mwembamba kinachoingizwa kwenye mshipa wa moyo ulioziba na kutanuliwa pale pale ili damu ipite. Mtu anashuka kitandani kesho yake, siku chache baadaye yuko Arusha, anasema amepona. Daktari hakulipenda neno hilo. "Wamezibua sehemu moja ya bomba," alikuwa akiwaambia. "Bomba lenyewe ni lile lile."

Ndiyo maana alihangaika mpaka tukapata mashine ya kupima ugumu wa mishipa mikubwa. Mpira wa kumwagilia bustani ukiwa mpya hutanuka maji yakipita. Ukikaa juani miaka kadhaa hukauka, na ukifungua maji yanafika mwisho kwa kishindo. Mishipa ya mtu nayo iko hivyo. Ikiwa migumu, wimbi la pigo la moyo hukimbia mno, na moyo hupata kazi ya ziada kila unapopiga. Aliyewekewa stenti na mishipa yake ni migumu yuko kwenye hatari zaidi ya kurudi na shida nyingine ya moyo. Si lazima arudi, lakini ndiye wa kuchungwa. Daktari alitaka kuwajua watu hao kabla hawajaletwa na machela.

Kinachopimwa ni kasi ya wimbi hilo. Kijiti kama kalamu kinawekwa shingoni, kitambaa cha kujazwa upepo kinafungwa pajani, na mashine inahesabu muda yenyewe. Umbali haiujui. Umbali unaupima wewe kwa futi, ile ile ya fundi cherehani, kutoka shingoni hadi kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, mahali ambapo vidole vyako vinasikia mapigo. Unaandika sentimita, mashine inagawanya. Ikizidi mita kumi kwa sekunde tunasema mishipa ni migumu, na mtu huyo Daktari alimwita kila mwezi, akamkazia dawa, akamkataza kazi za kubeba na kuchimba. Aliye chini ya kumi aliambiwa aendelee na dawa zake na arudi baada ya miezi sita.

Wanawake hawakunisumbua kwenye kipimo hicho. Vijana wa kiume walitazama dari. Shida ilikuwa wazee. Wa kwanza kukataa alikuwa Mzee Lemburis wa Kisongo. Nilipopeleka mkono chini ya mkanda wake wa suruali aliushika kwa upole, akaurudisha kwangu.

"Yeyo," akasema, ndiyo mama kwa Kimaasai, "hapo hapana."

Akaketi, akaanza kutafuta viatu. Nikamkumbuka Sista Ruthi na wale wasiorudi. Ndipo nikapata akili ya kumpa ncha ya futi aishike mwenyewe. "Wewe shika hapo kwenye kinena, baba. Mimi nitasoma huku shingoni." Akashika, juu ya nguo, uso kaugeuzia ukutani. Nami kwa adabu nikageuzia wangu dirishani. Tukamaliza kwa amani, akanishukuru, na miezi sita baadaye akarudi na asali.

Niliona nimevumbua kitu. Kila mzee aliyeingia nilimpa ncha ya futi. Foleni ilipungua, hakuna aliyeondoka amenuna, na Daktari alinisifu mbele ya wageni kwamba Sista Haika anajua kuishi na wazee. Mimi ninayerudi kuujaribu mlango niliofunga, sikurudi hata siku moja kutazama mkono wa mzee umeshika wapi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata aliingia Mzee Anaeli. Huyu ni mkwe wangu, baba yake Nuru aliyeolewa na mwanangu Baraka. Anakaa juu ya Usa River, upande wa mlima, ana kahawa na migomba, ni mzee wa kanisa. Alikuwa amewekewa stenti miezi mitatu nyuma. Sisi wa Machame na wao wa Meru hatuelewani hata kuhusu mtori uwe mzito kiasi gani, lakini kwa hili tunaelewana kabisa: mkwe hawekewi mkono chini ya mkanda. Siku ile muuguzi pekee wa kiume wa wodini alikuwa likizo. Nilimpa ncha ya futi huku nikitazama dirisha kuliko siku zote. Ikasoma tisa nukta tatu.

Nilifurahi mno, na furaha ikanifungua mdomo. Nikamwambia, "Mkwe, mishipa yako ni laini kama ya kijana." Mashine haikusema hivyo. Mashine ilisema tisa nukta tatu. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulitaka kumfurahisha mtu ninayemheshimu.

Rehema aliajiriwa mwezi wa nne. Ana utani na wazee, anawaita babu, na wao wanamwita mke mdogo kama babu anavyomtania mjukuu. Mzee Lemburis aliporudi tena mwezi wa sita nilikuwa na mgonjwa mwingine, akapimwa na Rehema. Nilimsikia akisema, "Babu, tulia, nitafute mapigo," na mzee akicheka, na vidole vikawekwa. Daktari alipoona majibu alikunja uso. Tisa ya mara iliyopita ilikuwa imeruka mpaka kumi na nusu.

Rehema alinisubiri mpaka chumba kikawa kitupu.

"Sista, samahani. Mara ile, futi ilianzia wapi?"

"Kwenye kinena."

"Ulishika wewe?"

Nilitazama dirisha, nikajua kabla ya kujua. Tulimwita Daktari, tukamwomba alale kitandani. Nikampa ncha ya futi kama nilivyowapa wazee, nikamwambia ashike kwenye kinena. Daktari wa moyo, mtu aliyesoma miaka mingi, alishika mkanda wa suruali yake. Mwanaume akiwa amevaa na kuna mwanamke chumbani, mkono wake hauendi chini zaidi ya hapo. Rehema akatafuta mapigo kwa vidole vyake, akaweka alama, kisha akapima kutoka kwenye mkanda. Ilikuwa upana wa vidole vinne.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Ukipunguza umbali, kasi inapungua. Kasi ikipungua, mshipa mgumu unaonekana laini. Kila mzee niliyemheshimu nilikuwa nimempa mishipa ambayo hana.

Daktari hakunifokea. Afadhali angefoka. Alikaa kwenye kitanda kile, mkono bado kwenye mkanda, kisha akaomba daftari. Walikuwa wazee ishirini na watatu. Mmoja alikuwa amezikwa mwezi wa tano. Alikuwa na miaka themanini na sukari ya siku nyingi, na Daktari aliniambia hakuna anayeweza kusema ingekuwa vingine. Hakuna anayeweza kusema isingekuwa, pia. Jina lake nalijua na sitaliandika hapa. Wanangu, niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilimwogopea mmoja kuliko wote. Nilikuwa nimeshafika jina la kumi na tisa, la mkwe wangu.

Nilipiga simu ya Mzee Anaeli, haipatikani. Nikampigia Nuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Mzima sana. Leo wako msaragambo, wanazibua mfereji kule juu, wanaume wote wa kitongoji."

"Baba anachimba?"

"Si ulimwambia mama mishipa yake ni ya kijana? Tangu siku hiyo hakamatiki. Hata zile dawa alisema zinamtoa damu kwenye fizi, na kama mishipa ni laini za nini tena. Mama? Uko hewani?"

Nilikuwa hewani. Katika dawa zile ndimo ilimo ile ya kuzuia damu isigande juu ya stenti. Mtu haiachi bila daktari, na mwaka wa kwanza ndio haiachwi kabisa. Yeye alikuwa ameiacha, kwa neno langu, na alikuwa na jembe mkononi.

Daktari alinipa dawa za kwenda nazo na kipimo cha presha, akasema, "Nenda sasa hivi. Ukimkuta na maumivu nipigie kabla hujamhoji." Nilikodi teksi. Ilikuwa siku ya soko Tengeru na barabara ilikuwa imejaa mikungu na mbuzi. Dereva akawa ananiambia, "Mama, vuta subira, tutafika," nami nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: jembe moja, jembe la pili, jembe la tatu. Nilijaribu kusali, nikajikuta narudia neno "kijana" kama mtu aliyepagawa. Kutoka Usa River kwenda juu teksi ilikwama kwenye tope, nikapanda bodaboda, nikiwa na sare na begi la dawa mapajani.

Nilimkuta ndani ya mfereji, maji ya magoti, suruali imekunjwa. Wanaume kama ishirini walisimamisha kazi kunitazama.

"Shikamoo mkwe."

"Marahaba, mkwe. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kuwasalimu."

Hakuna aliyeamini. Muuguzi hapandi mlima na sare siku ya kazi kuja kusalimu. Lakini mbele ya wanaume wale ningesema nini? Nikamwomba tuteremke nyumbani. Alikubali kwa adabu, na njia nzima nilitembea nyuma yake nikitazama mabega yanavyopanda na kushuka. Alisimama mara mbili. Mara ya kwanza alinionyesha kahawa mpya. Mara ya pili hakunionyesha kitu, alisimama tu.

Nyumbani, mkewe, Mama Nuru, alikuwa ameshaweka maji ya chai jikoni. Wenyeji wa mlimani mnajua ilivyo: mgeni hatoi habari kabla hajaweka kitu tumboni. Chai ya maziwa ikaja, ndizi zikaja, tukaombea chakula, sala ndefu ya mzee wa kanisa, ikawataja wajukuu wote kwa majina. Nilishika kikombe bila kunywa.

"Kunywa kwanza, mkwe," alisema. "Habari haikimbii."

"Hii inakimbia," nikasema, nikaweka kikombe chini, nikamwambia yote. Nilianza na futi, nikaenda kwenye mkanda wa suruali, nikamaliza na lile neno langu. Sikumtazama. Nilitazama kitambaa cha kochi alichofuma Mama Nuru, chenye maua ya bluu.

Mzee naye aliweka kikombe chake chini.

"Kwa hiyo siku ile ulipima suruali."

"Nilipima suruali, mkwe."

"Na yale ya kijana?"

"Yale niliyaongeza mwenyewe."

Mama Nuru aliinuka, akafungua kabati, akanirushia mapajani mfuko wa dawa. Ulikuwa umejaa. "Mimi nilimwambia," alisema. "Tangu Kwaresima namwambia. Ananijibu, mkwe amesema. Ningemjibu nini mkwe mimi, nisiyejua kusoma mashine?" Nililia, naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Nililia na sare yangu mbele ya wakwe zangu, na hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili.

Kisha nikauliza nililopaswa kuuliza kabla ya chai. "Kifua je?"

"Kinabana kidogo nikipanda kutoka mferejini. Nikisimama kinaacha. Nilidhani ni baridi."

Nilimpigia Daktari nikiwa nimesimama. Akaniambia nimpe aspirini atafune, asitembee hata hatua, na nimshushe. Jirani mmoja alikuwa na pikapu ya ndizi za soko. Ndizi zilishushwa chini, mzee akawekwa mbele, mimi katikati, mkono wangu kwenye kifundo cha mkono wake njia yote. Alisema mara moja tu, tulipokuwa tumesimama Tengeru nyuma ya lori la maua. Alisema, "Mkwe, mkono wako una baridi." Nikauondoa, nikaupashia kwenye shingo yangu, nikaurudisha.

Mashine ya umeme wa moyo ilionyesha moyo unaelemewa lakini hakuna sehemu yake iliyokufa. Alilazwa, dawa zikaanza upya, safari ya Dar es Salaam ikapangwa kwa wiki iliyofuata. Daktari alisema tumemwahi. Niliuliza tumemwahi kwa kiasi gani. Akaniambia nisiulize swali hilo, niende nikawapigie wengine.

Daktari alitaka niwarudie mimi mwenyewe, Rehema akisimamia, ili tujue kosa ni la ukubwa gani kwa kila mtu. Siku ya pili benchi la nje lilikuwa na wazee tisa. Nilisimama mbele yao, nikaeleza kosa langu, nikasema safari hii mkono ni wangu na utafika panapotakiwa. Hawakunikasirikia. Walisikiliza kama wasikilizavyo tangazo la kanisani. Kisha mmoja akachukua kofia yake, wa pili akachukua bakora.

"Tutakuja siku akiwepo mwanaume," alisema mwenye bakora.

"Lini, baba?"

"Tutakuja tu, mama. Usijali."

Nilizijua sauti zile. Wasingerudi. Nilisimama mlangoni kama mtu anayetaka kuzuia ng'ombe kwa mikono mitupu. Rehema hakuwepo, alikuwa wodini kumleta Mzee Anaeli, maana naye kipimo chake kilikuwa siku hiyo. Akaingia naye kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Mzee aliwatazama waliosimama, akanitazama mimi, akamwambia Rehema asimamishe kiti.

"Mnaondoka?"

"Wanataka kutushika," alisema wa kofia kwa sauti ya chini, "huku."

"Najua wanakotaka kushika. Huyu mwanamke mnamjua ni nani kwangu?"

"Ni sista."

"Ni mkwe wangu. Binti yangu anapika kwa mwanawe."

Benchi zima liliinamisha vichwa. Hata wale waliokuwa hawajasimama walitazama sakafu. Mzee mmoja alinong'ona kitu kwa Kimeru ambacho nakielewa na ambacho hakiandikiki.

"Mimi ndiye ningekataa," alisema Mzee Anaeli. "Nyie ni nani? Alinionea haya, nami nikamwonea haya, na kidogo tu mje kuchimba shimo nyuma ya migomba yangu. Wanasema mficha uchi hazai. Haya, sisi tumeshazaa. Sasa tunaficha nini?"

Mtu mmoja alicheka, halafu wa pili. Mwenye bakora hakucheka, lakini alikaa, ukingoni mwa benchi, bakora kati ya magoti.

Tuliingia ndani. Rehema alimsaidia kulala, akamfunika shuka, akafungua mkanda. Nilipasha mikono mara mbili kuliko kawaida, na nilijua ninachokifanya, nilikuwa nachelewesha. Nikaweka kijiti mezani, nikakichukua, nikakiweka. Uso ulikuwa unaniwaka. Niliona aibu kama bi harusi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye wajukuu wawili ambao ni wajukuu zake pia.

"Mkwe," alisema, macho yake yakiwa kwenye dari. "Ile heshima nimeshaipokea. Leo nipime."

Nikapeleka vidole. Mapigo yalikuwa pale pale vitabu vinaposema yapo, vidole vinne chini ya mkanda, yanagonga kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Rehema aliweka alama. Futi niliishika mimi ncha zote mbili, nikapima, nikapima tena, na safari hii nilimwambia kwa nini nimerudia. Mashine ilichukua muda wake. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, na nilijua benchi la nje linasikiliza.

"Ngapi?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi mazuri mdomoni. Yalikuja yenyewe, kama kawaida yake, yamepangana.

"Kumi nukta nane," nikasema. "Ni migumu, mkwe. Si nzuri."

Alivuta pumzi, akajivutia shuka mpaka kifuani.

"Nimesikia," alisema. "Waite wenzangu."